Kichwa na Mkia

Miaka minne nilifua nguo za masista
pale Kapripoint, mji wetu uliojipa jina la kisiwa cha kwao,
nikizianika juu ya mawe, si kwenye kamba,
maana jiwe la Mwanza likishika jua haliliachii upesi.
Sista Ornella alikuwa na ufundishaji wake:
anainua nguo kwa vidole viwili
kama anayemkagua sato aliyelala,
anataja jina, ananisubiri.

Maglia: fulana nzito.
Maglietta: ile nyepesi, ya jua.
Maglione: sweta.
Nikacheka. Sista, ninyi mnachezea mkia!
Sisi tunakamata kichwa:
kijumba, nyumba, jumba.
Samaki ni yule yule,
ninyi mnaanzia huku, sisi kule.
Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini.

Mkia huohuo ukaniponza.
Juni, upepo wa ziwa unang'ata,
Padri Ermete yuko kitandani na homa, nyayo barafu.
Nkwimba, kalete calzini!
Nikapanda ngazi mbio, nikashuka na suruali tatu
zimenyooshwa, mstari umesimama kama wembe.
Calzoni.
Mwenzangu alitaka soksi.
Padri alicheka hadi kikohozi kikamkaba,
akasema, nivalisheni basi, huenda nina safari.
Hakuwa nayo. Alipona,
na hadi anarudi kwao aliniita Mama Suruali
mbele za watu, hata kanisani.

Siku moja Sista akanigeuzia kibao:
na ninyi, nguo na vazi, tofauti yake nini?
Nikafungua mdomo.
Hewa.
Maneno niliyoyavaa tangu shule ya msingi
sikuwahi kuyageuza nione mshono.
Nikasema maji yanachemka, nikakimbilia jikoni.

Sasa niko Mlango Mmoja, nauza mitumba.
Jana nimekata kamba za belo, harufu ya dawa ikanipiga,
chini kabisa nikakuta sweta la kijivu,
kiwiko kimetiwa kiraka kwa uzi mweupe,
mishono mirefu, imepinda,
kazi ya mtu asiyejua kushona
ila alikataa kulitupa.
Maglione! nikaita. Milembe wa meza ya pili akaguna:
umeanza tena.

Akaja kijana mmoja, mlinzi wa usiku kule Igogo,
mabega yamemshuka, macho mekundu.
Akalivaa. Akajitazama kwenye kipande cha kioo,
akavuta mikono, akageuka upande,
akajitazama tena,
na shingo ikapanda taratibu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Sista, popote ulipo, chukua kalamu.
Nguo ni ile niliyoitoa kwenye belo.
Vazi ni lile aliloondoka nalo,
na bado namdai elfu moja.