Mguu wa Kushoto

Nilipewa nukta mia mbili hamsini na sita,
kumi na sita kwenda juu, kumi na sita kwenda pembeni,
na rangi tatu; ya nne ilikuwa giza.
"Tuchoree mtu," alisema bwana Moriyasu.
"Ijumaa awe anatembea."

Ndivyo Teku alivyoanza:
karatasi ya miraba, penseli nyekundu,
chumba cha ghorofa ya tatu mjini Muroran
kinachonuka supu na moshi wa tanuru za chuma,
nami, miaka ishirini na minne,
nahesabu miraba
kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho wa mwezi.

Buti nikazipa nukta kumi na mbili.
Mkoba wa barua, tisa.
Macho, moja huku, moja kule.
Nilipofika mdomoni, nafasi imekwisha.
Basi akaingia duniani hivyo hivyo,
hana mdomo,
ana barua begani na milima saba mbele.

Wenye fedha walikunja nyuso:
nani atampenda asiyecheka?
Kumbe pale nilipoishiwa
ndipo watu walipopata pa kuingilia.
Aliyefiwa alimwona Teku amenuna kwa uchungu.
Aliyeshiba alimwona anatabasamu.
Msichana mmoja wa Otaru aliandika kuuliza
kwa nini Teku anamkasirikia yeye peke yake.

Jina langu halikuwekwa popote.
Enzi hizo tulifichwa, washindani wasije wakatupora.
Sikununa. Nani huweka sahihi kwenye wali?

Kampuni ikafilisika.
Moriyasu tukamzika theluji ikianguka,
koleo zikigonga udongo uliokuwa mgumu kama kigae.
Tanuru zikazimwa, moja, halafu nyingine.
Jumba la michezo la karibu na stesheni
sasa linauza miwani.
Teku yeye akaendelea kutembea.

Nimemkuta kwenye plasta, zahanati,
juu ya goti la mtoto aliyeacha kulia ili amtazame.
Nimemkuta kwenye kikombe kilichopasuka
ambacho mwenyewe amekataa kukitupa.
Na majira ya baridi yaliyopita,
kijana aliyekuja kuzoa theluji mlangoni kwangu
alikunja mkono wa shati,
na Teku huyo, amechanjwa kwa wino wa buluu,
anapanda mshipa kuelekea kiwiko.

"Marehemu baba," akasema, wala sikumuuliza.
"Alikuwa akitoka zamu ya usiku
tunacheza raundi moja, kisha analala.
Hatukuwa watu wa maneno.
Tulikuwa na huyu."

Nikamlipa. Nikamwongezea chai.
Ulimi ulikuwa umeshainuka kusema ni mimi,
nikaurudisha.
Mimi nani?
Mimi nilikuwa na penseli tu.
Zile alfajiri hazikuwa zangu.

Jana, basi la kwenda hospitali,
vioo vimefunikwa na pumzi zetu.
Kidole kikanitangulia:
buti, mkoba, macho mawili.
Mtoto wa kiti cha mbele akageuka,
kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi,
akakagua kazi yangu kama afisa wa forodha.

"Bibi, umekosea.
Teku anaanza na mguu wa kushoto."

Nikataka kubisha, mimi,
niliyekesha naye kabla hajapewa hata jina!
Nikafumba macho. Nikapanda zile ngazi tena,
nikaketi mezani, nikahesabu miraba kutoka chini.

Kushoto.

Miaka arobaini na moja, na nilikuwa nimesahau.
Yeye, mwenye meno mawili tu ya mbele, hakusahau.

Nikapangusa kioo kwa kiganja, nikampisha.
Akachora polepole, ulimi nje,
mguu wa kushoto kwanza,
mpaka matone yakaanza kutiririka kutoka kwenye buti
na mama yake akamwambia aache kulowesha mkono.

Hakuacha.
Kituo changu kilishapita zamani.