Namba za Saa Moja na Dakika Kumi

Mguu wangu una chuma ndani yake tangu Januari.
Ngazi za posta ya Sliven, na barafu yake, zilinisalimu hivyo.
Daktari kasema wiki tisa. Mishahara haikusema kitu:
inataka kutoka tarehe ishirini na tano,
mguu uwe mzima, mguu uwe vipande.

Kompyuta yangu iko kiwandani, ghorofa ya pili,
juu ya mashine za kusokota sufu.
Haijasogea hata shibiri moja.
Meza ileile, waya uleule, na kikombe changu kando
chenye chai ya Januari, sijui sasa imekuwa nini.
Ila kila usiku umeme ukikatika na kurudi
kampuni ya intaneti huipa anwani nyingine,
kama mwenye nyumba aliyeingiwa na wazimu
anayeng'oa vibao vya milango wapangaji wamelala.

Asubuhi napiga hodi kwenye namba ya jana.
Hodi. Kimya. Hodi.
Pengine humo sasa yumo mtu mwingine,
daktari wa meno wa Burgas, au mtoto na mchezo wake,
anashangaa nani huyu anayegonga, nywila mkononi.

Nikamwomba Rangel, mlinzi wa usiku.
Miaka sitini na sita. Kompyuta kwake ni ng'ombe wa jirani:
haigusi, asije akadaiwa maziwa.
Nikamfundisha kwa simu. Bonyeza hapo. Siyo hapo, juu yake.
Umeziona namba?
Kimya kirefu.
"Rangel, unatikisa kichwa?"
"Natikisa."
Kwetu kutikisa ni kukubali,
lakini simu haijui desturi za watu.

Tangu siku hiyo, saa moja na dakika kumi,
kabla hajavua koti la zamu:
"Mia mbili na tatu. Nukta. Sifuri. Nukta.
Mia na kumi na tatu, ndio urefu wa mjukuu wangu. Nukta.
Themanini na nane. Mwaka niliooa."
Kesho yake themanini na nane imekuwa kumi na tisa:
"Basi la mtaani kwetu, lile walilolifuta."
Nami naandika nyuma ya bahasha za hospitali,
nachapa, na skrini inafunguka
kama dirisha la chumba nisichoweza kukipanda.
Huko, kiti kitupu, mshale ukaanza kutembea wenyewe.
Rangel alivua kofia akauamkia.
Aliniambia baadaye, kwa aibu kidogo.

Machi mosi akafunga uzi mwekundu na mweupe
kwenye waya wa nyuma ya kompyuta,
uzi wetu wenyewe, uliokataliwa kwa kasoro.
"Ipone," alisema, "nawe upone."

Kisha akaja Plamena, fundi, kutoka Plovdiv.
Akaweka kijiprogramu kisichozidi kurasa mbili:
anwani ibadilike itakavyo,
mashine yenyewe itatoa taarifa ilikohamia,
na mimi nitaita jina moja tu, lisilobadilika.
Dakika ishirini. Hakunywa hata kahawa.
Mishahara sitini na miwili ikaondoka kabla ya adhuhuri.

Wa kumwambia Rangel nilikuwa mimi.

Kesho yake simu ikalia, saa moja na dakika kumi.
Nilikwisha kuingia. Mbele yangu ulikuwa mstari wake yeye,
wa arobaini na moja: mlinzi, posho ya usiku,
makato ya kofia iliyopotea.
"Mia mbili na tatu," akasema. "Nukta."
Nikanyamaza.
"Sifuri. Nukta. Mia na kumi na tatu,
ingawa wamempima tena, kaongeza sentimita. Nukta.
Thelathini na tatu."
Akasita.
"Hii bado sijaipatia habari yake. Nitaifikiria leo."

Nikatikisa kichwa, peke yangu jikoni,
nikavuta bahasha.