Umbali wa Paa

Njiwa hajui katiba.
Kikapu kikifunguliwa Likasi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
anazunguka mara mbili juu ya mabehewa yaliyokufa,
anaupata mji wake kifuani,
anakuja.

Sisi wa Lubumbashi ndio wenye katiba. Kurasa tisa,
zilizopigwa taipu enzi za baba zetu.
Kifungu cha nne: mshindi si wa kwanza kutua,
mshindi ni mwenye kasi, mita kwa dakika,
tangu kikapu hadi paa lake.

Hadi paa lake.
Miaka sita ya ukatibu nimeyanakili maneno hayo
bila kuyasoma.

Naitwa Feza Musoka, nauza makala Kamalondo,
njiwa ishirini na wawili, daftari moja.
Saa za mashindano nazigawa mimi.
Funguo zake anazo mwenyekiti, bwana Kalwa,
anayetupa mahindi ya ndege kwa mkopo
na hadai.

Jumapili ile mvua ilikuwa imejifunga upande wa Kipushi.
Jike la kijivu la Chabu, fundi baiskeli wa Katuba,
lilishuka kama jiwe lililokumbuka kwao.
Nikapiga hesabu. Nikarudia.
Kalwa amemshinda kwa mita nne kwa dakika.
Mita nne! Kitanda cha Chabu, na mlango wake.

Chabu hakusema neno.
Alikunja karatasi ya matokeo, akaificha ndani ya kofia,
akaniuliza hali ya watoto.

Laiti angenitukana, ningelala.

Usiku umeme ulikuwa umekwenda zake.
Nikawasha mshumaa, nikatandaza ramani ya baba,
aliyekuwa mpima ardhi, na rula yake ya shaba.
Umbali wa Kalwa umeandikwa hadi Posta, katikati ya mji.
Paa lake liko Golf.
Mita elfu tatu na mia mbili
za hewa ambayo hakuna bawa lililoipiga.

Nilicheka peke yangu, nasema kweli.
Nikaulamba ushindi kama chumvi kidoleni.
Halafu rula, kwa kuwa ilikuwa bado mkononi,
ikaendelea.

Tulihama Katuba mwaka wa themanini na nane,
tukabeba sufuria, mbwa, vizimba vyote.
Umbali ukabaki Katuba.
Mwaka uliofuata baba alichukua kombe,
lile lililo juu ya kabati, ninalolipangusa kila Krismasi.
Namba yake ndiyo namba yangu hadi leo.
Wengine hurithi shamba.

Kwenye mkutano nilitaja kwanza la kwetu.
Kalwa akatabasamu: “Makosa ya karani, mama.
Tusivunje undugu kwa ajili ya ndege.”
Wala mahindi wakaitikia.
Ndipo nikataja la kwake,
na chumba kikawa kidogo.

Kombe nilikuwa nimelileta ndani ya gunia la makala,
nikalitoa jeusi.
Wa pili mwaka ule alikuwa baba yake Chabu.
Chabu alilisugua kwa kidole gumba, likang'aa mahali padogo.
“Mzee,” akasema, “alikufa akiamini njiwa wake ni wazito.
Aliwachinja wote.”

Kura: kumi na moja wapime upya, tisa wasipime.
Sitawapamba. Tulikaribia kushindwa,
na mmoja wa wale kumi na moja alikuwa amesinzia,
akainua mkono alipogutushwa.

Kombe Chabu hakulitaka.
Liko mezani klabuni, tunaweka ndani yake pete za raba.

Mbio za Desemba jike la kijivu lilikuwa la tatu.
La tatu tu.
Chabu aliomba daftari, akaketi,
akaifuata hesabu kwa ukucha wenye grisi,
tarakimu kwa tarakimu, taratibu,
kama mtu anayepanda ngazi,
mpaka juu ya paa lake.