Chupa ya Kumi na Saba

Mezani naacha funguo, saa, kadi ya benki,
pini za nywele, hata ile sarafu ya mia
iliyopenya mfuko na kujificha kwenye pindo la koti.
Sumaku haina mzaha.
Mlinzi wetu Lugembe, mwenye chuma pajani
tangu ajali ya pikipiki pale Usagara,
huishia kwenye mstari mwekundu
na kunisalimu kwa sauti, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Zamu ya usiku, Luchelele. Jenereta inakohoa.
Nyuma ya ukuta, ziwa,
na juu ya ziwa, wiki ya tatu sasa,
utando wa kijani mzito kama rangi ya mlango.
Bata wa Kayenze waliushukia. Hawakurudi.

Lita tano nimezichuja, nikazigandisha, nikazikausha
mpaka zikabaki vumbi la kujaa ukucha.
Vumbi limo kwenye mrija wa kioo, mwembamba kuliko penseli,
na mrija umeshuka katikati ya sumaku
ambayo moyo wake umelala ndani ya heliamu,
baridi ambayo hata watu wa Makete hawaijui.

Ajabu ni hii: wanaopiga kelele ni maji yenyewe.
Haidrojeni ikiitwa kwa redio huitika,
na tone lililosalia, pamoja na kukaushwa kote,
huitika kwa mpigo mmoja:
mlima katikati ya karatasi, hauoni kitu nyuma yake.
Kwa hiyo nayanyamazisha.
Maji yaliyonilea, niliyobatiziwa humo pale Igombe,
kwetu minzi, leo nayaambia: kimyaa,
nimsikie aliye mgongoni mwenu.

Saa saba. Saa nane na nusu.
Chupa ya tatu, salama. Ya tisa ina sabuni tu.
Ya kumi na saba inaanza kunong'ona,
vilima viwili vidogo, kisha kundi lililobanana karibu na saba,
mahali ambapo maji mema hayana la kusema.
Narudia.
Mara mia mbili hamsini na sita mashine inauliza,
na jibu halibadiliki hata herufi.

Kwenye kibandiko, mwandiko wangu:
*Kayenze, mwaloni, chini ya kwa mama Nkwimba.*
Nkwimba ni mimi.

Nampigia kabla ya adhana. Ameshaamka;
nasikia kuni, nasikia mfuniko wa sufuria.
Namwambia yasinywewe, hata mbuzi wasipewe.
"Lakini mimi huchemsha," anasema,
kwa fahari ya mwanamke ambaye tangu mwaka wa kipindupindu
hajampa mgeni maji mabichi.

Natafuta kwa Kisukuma
neno la sumu isiyoogopa moto.
Natafuta. Mashine inavuma.
"Basi," ananisaidia, taratibu,
"nichemshe mara mbili?"