Makosa 0

Zamani walinijia mlangoni kabla sijavua koti,
vumbi la barabara ya Likasi bado mdomoni:
Mama Numbi, nifungulie. Mama Numbi, nimefungiwa.
Huyu anataka kusoma tu, yule asome na kuandika,
wa tatu hajui anachotaka ila anakitaka leo.
Nami nilibofya, kibali kwa kibali,
kama mtu anayechambua kokoto katika mchele,
na mchele wenyewe hauishi.

Maabara yetu hupima mawe.
Shaba ngapi, kobalti ngapi, uongo kiasi gani wa mwenye lori.
Kila shehena na folda yake, kila folda na wenye haki nayo,
na wa zamu ya usiku walikaa na namba mkononi
wasipate pa kuziweka hadi kuche,
kwa sababu ufunguo ulikuwa mimi, na mimi nilikuwa Katuba,
nimelala.

Basi nikaandika. Wiki tatu, kwa vipande;
umeme ukikatika naendelea kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya hesabu za kugawanya.
Ikiwa folda haipo, iunde.
Ikiwa ipo, usiiguse, kagua tu wenye haki.
Ikiwa diski imejaa sehemu nane kati ya kumi, niamshe.
Vinginevyo niache.

Tarehe mosi ya kila mwezi, saa nane usiku,
skripti huchukua orodha ya ofisi ya mishahara,
huipitia jina kwa jina,
humpa kila mtu kabati lake, mlango na kufuli,
kisha hunitumia mstari mmoja kwenye simu:
Folda 212. Makosa 0.
Ulipoingia mara ya kwanza nilicheka peke yangu gizani.
Mume wangu akauliza ni nani.
Kazi, nikamwambia. Imeenda bila mimi.

Mwezi wa tano Kishimba wa tanuru alikufa.
Tulimzika Jumamosi, baridi ya kiangazi ndiyo kwanza inaanza,
wanawake wakisonga bukari uani kwa shangazi yake.
Kisha tarehe mosi:
Folda 212. Makosa 0.

Nikahesabu kwa vidole. Nikafungua seva.
Alikuwa amepewa. Kishimba, mwezi wa sita, haki zote,
ndani tupu kama sahani iliyooshwa.
Na wa saba. Na wa nane.

Mkono wangu ungejua. Ungesita hapo kwenye K.
Lakini mkono niliuondoa mwenyewe,
hata mkubwa wa idara akanipigia makofi.
Mishahara hawakumfuta: faili la mafao halijakamilika,
na mpaka likamilike, kwa hesabu yao, bado yupo.
Mashine haikudanganya. Iliamini ilichoambiwa.
Ningeweza kuongeza mstari: mruke huyu.
Niliuandika. Nikakaa nao siku mbili, nikaufuta.

Septemba, jakaranda zimemwaga maua hadi kwenye ngazi,
mwanawe Umba akaja na mfuko wa plastiki:
cheti cha ndoa, cheti cha kifo, picha nne,
barua iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.
Alikwisha kupitia madirisha matano.
Kila dirisha: lete nakala.
Niliziskani zote, hata barua,
nikaziweka katika folda ya baba yake ya mwezi wa tisa
(ilikuwepo, wazi, inangoja kitu)
nikampa karani wa mishahara haki ya kusoma,
kwa mkono, bofya mojamoja, kama zamani.

Oktoba mjane akalipwa. Sikuuliza kama zilitosha.

Tarehe mosi Novemba nilikuwa macho kabla ya simu.
Jenereta ya jirani ilikohoa, ikanyamaza.
Kule Likasi, kwenye chumba chenye baridi,
haki zake zilivuliwa, kusoma, kisha kuandika,
yaliyomo yakapelekwa ghalani,
hatua kwa hatua, kama nilivyoifundisha.

Folda 211. Makosa 0.

Niliitazama ile sifuri hadi skrini ikazima.