Skrubu Mbili

Kouvola, Novemba, saa tisa alasiri,
na giza limeshabisha hodi.
Ilmo Partanen ameniletea bunduki ya babu yake
imeviringishwa katika shuka ya kitoto yenye sungura.
"Ya mdunguzi," anasema. "Ya vita vya ile baridi kuu.
Babu aliiteka kwa mkono wake."

Sijibu. Kwanza nanusa.
Marehemu Auvo, aliyenifunza kazi hii,
alikuwa akisema pua haina undugu na mtu:
vanishi ya zamani hunuka chai iliyosahaulika jikoni,
vanishi ya juzi hunuka duka.
Hii yanuka chai.

Naishusha taa, nauacha mwanga utambae.
Mtutu una nyota, na nyota imefifia kingo.
Mkono wa komeo umepindwa kuelekea chini
usije ukagonga darubini unapoinuliwa,
na mpindo wenyewe ni wa tanuri, si wa gereji.
Nimeona nyingi zilizopindwa na watu wenye haraka,
zimevimba kiwiko
kama mtoto aliyeanguka na baiskeli.

Halafu skrubu.
Hapo ndipo waongo wengi huvuliwa nguo.
Fundi wa kiwandani alizikaza, kisha akazigonga ukingoni
kwa ncha ya chuma, zisilegee.
Mwigaji naye hugonga, ila hugonga kwa adabu,
anapima nafasi, anaogopa kukosea.
Hizi mbili zimegongwa ovyo,
moja mara tatu, ya pili mara moja na nusu,
na mtu mwenye njaa, au usingizi, au zamu ya usiku.
Karibu ningemjua nikikutana naye.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza:
labda sokoni.
Mezani pangu vyote viwili huja vimebebwa
na vyote viwili hunyamaza.

Nambari ya darubini na ya kishikio chake: zinalingana.
Nambari ya mtutu: inalingana.
Mwaka umejificha chini ya grisi.
Naufuta kwa kidole gumba.
Arobaini na tatu.

Naurudia kwa kioo cha kukuzia,
kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.
Ile baridi ilikuwa imekwisha miaka mitatu
chuma hiki kilipotoka motoni.
Nafungua bamba la kitako. Ndani, kwa penseli:
bei, kwa marka za zamani,
na jina Taavetti Partanen, na neno "amelipa".

"Kwa hiyo ni bandia," asema Ilmo.
Hapana. Ni ya kweli kutoka ncha hadi kitako.
Katika miaka thelathini nimeshika nne tu za namna hii.
Ni babu yako ndiye nisiyeweza kumgongea muhuri.

Anacheka, kisha haachi kucheka upesi kama alivyotaka.

Imebaki darubini. Nahakikisha chemba ni tupu,
nahakikisha tena, naegemeza bunduki dirishani.
Lenzi ina ukungu pembeni, katikati ni safi kama maji ya kisima.
Wengi hudhani ndani mna msalaba.
Hamna. Mna kijiti kimoja kilichochongoka
na mikono miwili isiyokutana.
Uani, chini ya taa, Sirkka wa ghorofa ya pili
anakung'uta zulia lake jekundu,
na kijiti kikamsimama chini ya kidevu,
kimetulia, kana kwamba kimefika nyumbani.

Nikaishusha.
Sikuandika hilo kwenye cheti.

Cheti kina mstari wa mwisho: Historia.
Ilmo anautazama, ananitazama, anakunja shuka,
sungura juu ya sungura.
"Sasa kabla ya babu," anauliza, "ilishikwa na nani?"

Sijui, Ilmo.
Katika safari yote ya chuma hiki
namjua mtu mmoja tu,
na yeye nami naweza kumwapia:
yule aliyegonga mara tatu,
akasogea skrubu ya pili,
akagonga mara moja,
na kitu fulani kikamwita.