Maelezo ya Mlalamikaji

Andika, afande: kifaa kimoja, cheusi,
upana wa viganja viwili, kioo kina mchirizi kushoto,
kitufe cha pembetatu kimefutika kwa madole gumba ya mtaa mzima.
Ndani yake mna jiji.

Hapo unaacha kuandika. Unanitazama, Koplo Mihayo,
kama hujui ninachosema.

Kilishuka stesheni ya Tabora kwenye begi la abiria wa Mpanda
aliyeishiwa nauli ya kuunganisha. Nikampa elfu thelathini.
Watoto wa Kanyenye ndio walionisomea ukoo wake:
mchezo huu una kaka zake wengi, wakubwa,
wanaokaa kwenye televisheni za wenye nazo;
huyu kitinda mimba, wa mfukoni,
ila tabia ni ile ile ya nyumba nzima,
kuiba gari, kupiga, kutokomea.
Mia mbili kwa nusu saa, pale kibandani,
kati ya simu zinazochajiwa na chupa za asali ya Sikonge,
mpaka treni ya Kigoma ipige honi.

Wewe ulikuja usiku, kofia kwapani.
"Nakagua tu," ukasema.
Ukakagua miezi minne.

Mwanzoni ulikuwa unasimama kwenye taa nyekundu.
Watoto walicheka hadi wakakaa chini:
gari la wizi, polisi nyuma,
na wewe unangoja kijani!
Ukaegesha sambamba na ukingo, ukashuka taratibu
kama mtu anayerudisha baiskeli ya jirani.

Baadaye mkono ukakolea. Nyota moja, tatu,
sita juu ya kichwa chako, helikopta,
na uso wako wa doria ukawaka samawati,
uso wa mtoto aliyejaza mfuko karanga za shamba la mtu.
"Askari hawa," ukanong'ona, "hawajui kukata kona."

Uliniambia siku ile ya mvua kuwa hujawahi kushika usukani.
Miaka kumi na tisa kazini: miguu, baiskeli,
na nyuma ya difenda, umekamata chuma.

Juzi kimekwenda. Umeme ulikatika dakika kumi;
uliporudi, mezani palibaki mstatili usio na vumbi.
Mshukiwa? Sina.
Nimekuja hapa kwa kuwa kituo ndicho hiki.

Thamani, andika elfu thelathini.
Usiandike kwamba safari yako ilihifadhiwa humo,
asilimia arobaini na moja,
gari la manjano chini ya daraja, injini inanguruma,
mvua ya jiji lile isiyojua kulowesha,
na nyota sita ambazo hakuna mwingine aliyewahi kuzifikia.

Unapiga muhuri. Unanikatia namba ya RB.
Nimeshafika mlangoni ndipo unaniita,
macho bado yako kwenye jalada,

"Na chaja yake," unauliza,
"bado unayo?"